Jinsi ya kuchambua wahusika na maadili kwenye vitabu vya zamani vya fasihi: anza na uamuzi, sifa zitakuja zenyewe

Nimesoma insha nyingi sana za wanafunzi kuhusu wahusika, na nyingi zinaanza hivi hivi: mhusika huyu ni katili, ni mnafiki, ana tamaa ya madaraka, afu chini ya kila sifa inawekwa nukuu moja, afu mwishoni linakuja funzo kwamba tamaa ni mbaya. Na inauma kwa sababu huyu mwanafunzi kasoma kitabu chote, kahangaika nacho wiki nzima, anastahili maksi nyingi kuliko hizo anazopata. Tatizo hajaoneshwa pa kuanzia. Sifa ndo kitu cha mwisho kuandika. Kwanza unamwangalia mtu akichagua, yaani pale alipokuwa na njia mbili mbele yake na akaacha moja, ukishaelewa alichagua nini na kwanini, sifa inajileta.

Hili wazo ni la zamani sana. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, kwenye Poetics, kitabu chake kuhusu ushairi na tamthilia cha karne ya 4 kabla ya Kristo, anasema tabia ni kile kinachoonesha mtu anachagua nini, na kwamba maneno ambayo hayaoneshi msemaji anachagua au anakwepa kitu chochote hayana tabia ndani yake. Soma hiyo sentensi mara mbili kisha rudi kwenye kitabu chako.

Mfano mkubwa nitatumia Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, iliandikwa kama 1606 hivi, kwa sababu ni fupi na inasomwa na wanafunzi wengi. Kama hujaisoma, kwa kifupi kabisa: jemadari Macbeth anatabiriwa na wachawi watatu kwamba atakuwa mfalme, anamuua mfalme Duncan akiwa mgeni nyumbani kwake, anatawala kwa kuua zaidi, mwisho anauawa. Njia yenyewe inafanya kazi kwenye riwaya yoyote au tamthilia yoyote, hata ile uliyopangiwa wewe.

Hatua ya 1: soma mara mbili

Mara ya kwanza soma bila peni. Acha stori ikuchukue, mchukie unayemchukia, muonee huruma unayemuonea, maana hizo hisia baadae ndo zitakuambia mwandishi alikufanyia nini. Mara ya pili soma na penseli. Kama ni tamthilia isome kwa sauti, iliandikwa isikike jukwaani, na kuna vitu macho yanavipita lakini sikio linavishika, kama vile mtu aliyeulizwa swali akajibu kitu kingine kabisa.

Muhtasari wa kwenye intaneti usome baada ya hapo, kama ni lazima. Ukianza nao utakuwa unasoma kitabu ukitafuta yale ambayo mwingine kashayaona, na hutaona chako.

Hatua ya 2: kila mhusika apate ukurasa wake kwenye daftari

Andika jina juu, afu chini andika vitu vya aina nne: anachosema mbele za watu, anachosema akiwa peke yake, anachofanya, na wengine wanasema nini juu yake (tofautisha wanayosema akiwepo na akiwa ameondoka). Kila kitu kiandikie kimetoka ukurasa gani au tendo na onyesho gani, la sivyo siku ya kuandika insha utapoteza saa nzima unatafuta.

Hapa usiandike maoni, andika kilichomo tu. Mfano ukurasa wa Lady Macbeth, mke wa Macbeth, unaweza kuwa hivi: tendo la 1 onyesho la 5, anaomba roho zimwondolee ulaini wake ili ajae ukatili. Tendo la 2 onyesho la 2, anasema angemuua mfalme yeye mwenyewe kama mzee yule asingefanana na baba yake akiwa amelala. Onyesho hilo hilo, anamwambia mume wake maji kidogo tu yatawasafisha. Tendo la 5 onyesho la 1, anatembea usingizini anasugua mikono na analalamika harufu ya damu haitoki.

Mistari minne tu hiyo. Na neno "katili" tayari limeshindwa kumbeba. Mtu katili haombi apewe ukatili, angekuwa nao tayari. Mtu katili hasimami mlangoni kwa sababu ya sura ya baba yake. Unaona sasa, hujatumia akili nyingi hapo, umepanga vitu karibu karibu na vyenyewe vimeanza kuongea.

Hatua ya 3: tafuta uamuzi, na hapa ndo ukae muda mrefu

Jiulize, ni wapi huyu mtu angeweza kufanya vingine? Kila mhusika mzito ana sehemu mbili tatu kama hizo. Kuna wanafunzi wanaenda moja kwa moja kwenye tukio kubwa, kile kisu, ile damu, kumbe uamuzi ulishafanyika kurasa kadhaa nyuma wakati hakuna aliyekuwa anapiga kelele.

Angalia tendo la 1 onyesho la 7. Macbeth yuko peke yake na anahesabu sababu za kutomuua Duncan: mimi ni ndugu yake, mimi ni raia wake, mimi ni mwenyeji wake ambaye natakiwa nimfungie mlango muuaji na sio kushika kisu mwenyewe, na tena huyu mzee ametawala kwa upole. Anakiri kabisa kwamba hana sababu ya kumsukuma zaidi ya tamaa. Anaingia mkewe, anamwambia hatuendelei na hili jambo. Yaani ameshaamua, na ameamua vizuri! Mkewe anamwambia ni mwoga, anamuuliza kama yeye ni mwanaume. Sasa sikiliza Macbeth anajibuje baada ya kusukumwa. Angeweza kurudia zile sababu zake, ndugu, raia, mwenyeji. Hazirudii. Anauliza: je tukishindwa?

Hapo ndo ameanguka. Akiwa peke yake alikuwa anapima kama jambo ni haki, sasa anauliza kama litafanikiwa. Mkewe ana jibu la hilo swali la pili, ana mpango mzima wa kuwalewesha walinzi, na mjadala umeisha. Ukisoma haraka utasema mke alimshawishi, na watu wengi wanaishia hapo. Ukisoma taratibu utaona hakuna mtu hata mmoja kwenye onyesho lile aliyejibu hoja zake za mwanzo, si mkewe si yeye mwenyewe, ziliachwa tu mezani.

Ukishapata uamuzi wa kwanza, fuatilia unaofuata na upime umbali kati ya wazo na kitendo. Kwa Duncan, Macbeth anahangaika, anasita, anaona kisu hewani, anaua kwa mkono wake na anarudi akitetemeka. Kwa Banquo, rafiki yake, hagusi mwenyewe, anatafuta wauaji na anakaa nao anawashawishi kwamba Banquo ndo adui yao, na mkewe hamwambii, anamwambia abaki bila kujua. Kwa mke na watoto wa Macduff, mkuu aliyekuwa mpinzani wake, ambao hawakuwa tishio kwake hata kidogo, anasema kuanzia sasa wazo la kwanza la moyo litakuwa kitendo cha kwanza cha mkono. Hakuna kusita tena. Ule muda wa kufikiri uliokuwa unamtesa ndo uliokuwa unambakiza binadamu, na unapungua mauaji baada ya mauaji mpaka unaisha.

Hiyo aya ya juu ni uchambuzi wa mhusika kamili na haina sifa hata moja ndani yake.

Hapa pia ndo mahali pa kuongelea mhusika bapa (wa sifa moja tu, habadiliki) na mhusika duara (mwenye pande nyingi), mgawanyo uliotokana na mwandishi wa Kiingereza E. M. Forster, alieleza mwaka 1927. Kuandika "Macbeth ni mhusika duara" na kuacha hapo hakukupi kitu, umebandika lebo. Kipimo cha Forster mwenyewe ni kizuri zaidi ya lebo: mhusika duara anaweza kukushangaza na bado ukamwamini. Kwa hiyo andika alikushangaza wapi, na nini kilichotangulia kilichokufanya uamini.

Hatua ya 4: tafuta mtu aliyepewa nafasi ile ile

Waandishi wakubwa wanapenda kuweka wahusika wawili mbele ya jaribu moja. Ukiwaona umepata dhahabu, maana huwezi kusema tena "mazingira ndo yalimfanya".

Banquo alikuwepo pale pale wachawi walipoongea, naye akaahidiwa, kwamba uzao wake utakuwa wafalme. Hakumuua mtu. Kwa hiyo utabiri peke yake haujamlazimisha mtu yeyote, sawa. Lakini usikimbilie kumfanya malaika, rudi kwenye daftari lako. Tendo la 3 linaanza na Banquo akiwa peke yake, anasema waziwazi anahofia Macbeth ameupata ufalme kwa mchezo mchafu, na sentensi zinazofuata anajiuliza kama basi na kile alichoahidiwa yeye hakitatimia. Afu ananyamaza. Anamshuku muuaji wa mfalme na hasemi kwa mtu. Mwanafunzi atakayeona ule ukimya atakuwa ameona kitu ambacho wenzake wengi wamekipita, kwa sababu swali la maadili limepanuka, halimhusu tena yule anayeua peke yake, linamhusu na anayejua na kunyamaza huku akisubiri fungu lake.

Hatua ya 5: kutoka kwenye neno, kwenda kwenye swali, kwenda kwenye dai

Dhamira ndo inayosumbua watu zaidi. Ukiulizwa dhamira ya kitabu ukajibu "tamaa", "mapenzi", "haki", hujajibu bado, umetaja mada. Mada igeuze iwe swali ambalo kitabu kinalihangaikia, afu dai ndo liwe jibu ambalo matukio ya kitabu yanalielekea, hata kama jibu lenyewe lina nyufa.

Chukua Antigone ya Sophocles, tamthilia ya Kigiriki ya karne ya 5 kabla ya Kristo. Creon, mtawala wa Thebes, anakataza mwili wa Polynices usizikwe kwa sababu alikuja na jeshi kuushambulia mji wake mwenyewe. Antigone, dada yake, anamzika na anahukumiwa kifo. Neno: sheria. Swali: je, amri ya mtawala inaweza kuwa halali na bado ikawa kosa kuitii? Dai la haraka haraka: familia ni muhimu kuliko serikali.

Sasa lijaribu hilo dai kwa kitabu chote kama unavyojaribu kamba kabla ya kupanda. Antigone ana dada mwingine, Ismene, aliyeogopa kushiriki mazishi lakini baadae anataka kufa pamoja naye, na Antigone anamkataa kwa maneno makali. Kama kitabu kinatetea familia, mbona mtetezi wa familia anamsukumia mbali ndugu aliyebaki hai? Na Creon naye ana hoja, ametoka kwenye vita ambavyo Polynices na kaka yake wameuana, mji unahitaji utaratibu. Haemon, mtoto wake, hamwambii baba acha kutawala, anamwambia sikiliza, watu mtaani wananung'unika, mti unaopinda kwenye mafuriko ndo unaopona. Kwa hiyo dai linabadilika, pengine linakuwa: hatari haiko kwenye kuwa na msimamo, iko kwenye kukataa kusikia, na ugonjwa huo wanao wote wawili.

Ona na hiki kipande kidogo. Creon anapobadili mawazo hatimaye, wazee wa mji wanamwambia nenda ukamtoe msichana pangoni alikofungiwa akiwa hai, kisha umzike yule maiti. Yeye anaanza na maiti. Akifika pangoni Antigone keshajinyonga. Kwa nini mpangilio huo? Inawezekana alifikiri deni la miungu ndo la kwanza. Inawezekana hata akitubu bado anarekebisha amri kabla ya kumkumbuka mtu. Mimi nashikilia hii ya pili lakini unaweza kutetea ya kwanza vizuri tu, cha msingi umeona kwamba hapo pana uamuzi.

Hivyo basi dai zuri lina vitu viwili, ni sentensi nzima na mtu mwingine mwenye akili anaweza kulipinga. "Tamaa ni mbaya" nani atapinga? Hakuna, ndo maana halifai.

Hatua ya 6: nani anatuambia haya?

Kwenye riwaya usimsahau msimulizi, kwa sababu hukumu ya maadili mara nyingi imejificha kwenye sauti yake. Great Expectations ya Dickens (ilitoka kwa vipande kati ya 1860 na 1861) inasimuliwa na Pip akiwa mtu mzima anayeangalia nyuma. Joe, mhunzi, shemeji yake aliyemlea kwa upendo, anakuja kumtembelea London baada ya Pip kuanza kuishi kibwana, na Pip anatuambia kwamba kama angeweza kulipa hela Joe asije, angelipa. Aliyeona aibu ni Pip kijana, anayekiri ni Pip mkubwa. Ukiandika tu "Pip hana shukrani" umemsikia mmoja ukamziba mdomo mwingine, na uzuri wa maadili ya kitabu kile uko katikati ya hao wawili.

Swali la kujiuliza hapa ni moja: msimulizi anajua nini leo ambacho siku ile hakukijua?

Hatua ya 7: muktadha, lakini kwa kiasi

Usianze insha na ukurasa mzima wa maisha ya mwandishi. Muktadha unaingia pale tu unapoelezea kitu kilichomo ndani ya kitabu. Mfano: James wa Kwanza alichukua kiti cha Uingereza 1603, na aliaminika kuwa wa ukoo wa Banquo. Kwenye kitabu cha historia cha Holinshed, ambacho Shakespeare alichukulia stori, Banquo alishirikiana na Macbeth kumuua mfalme. Shakespeare akamtoa kwenye mauaji. Sasa rudi kwenye ule ukimya wa tendo la 3 na ujiulize kwanini basi hakumsafisha kabisa. Hapo muktadha umekufanyia kazi, umekurudisha kwenye maandishi.

Na kuhusu kuwahukumu watu wa zamani kwa macho ya leo, ruhusa unayo, ila eleza kwanza wao wenyewe walikuwa wanaliona vipi jambo, ndo utoe hukumu yako.

Hatua ya 8: kuandika

Andika dai lako kwa sentensi moja kwenye karatasi ya pembeni na uiweke mbele yako. Kila aya iwe na hatua moja ya kulisogeza mbele. Nukuu iwe fupi, maneno machache yanatosha, na baada ya nukuu usirudie kile ilichosema kwa maneno mengine, eleza neno gani ndani yake linafanya kazi na lingekuwa tofauti ingekuwaje.

Linganisha hizi aya mbili. Ya kwanza:

"Macbeth ni mwoga. Hii inaonekana pale mke wake anapomwambia kuwa ni mwoga. Pia anaogopa mzimu wa Banquo. Hivyo mwandishi anatufundisha tusiwe waoga."

Ya pili: "Akiwa peke yake kwenye onyesho la 7 Macbeth anayapima mauaji kwa haki: yeye ni ndugu, raia na mwenyeji wa Duncan. Mkewe anapomshambulia uanaume wake, anaziacha hoja hizo na kuuliza itakuwaje wakishindwa. Anayeuliza kama jambo litafanikiwa ameshakubali kulijaribu. Hata hivyo anapotoka jukwaani anakiri kwamba uso wa uongo utaficha kile ambacho moyo wa uongo unakijua, kwa hiyo anajua. Uovu wa kitendo haujakanushwa na mtu yeyote, wameacha tu kuuongelea."

Hiyo ya kwanza imemwamini Lady Macbeth, imechukua tusi lake ikaligeuza kuwa ukweli. Kosa hili ni la kawaida mno, kumnukuu mhusika mmoja juu ya mwingine bila kujiuliza anayesema alikuwa anataka nini. Ya pili ina maneno ya kawaida tu, haina msamiati wa kutisha, lakini kila sentensi inasimama juu ya kitu kilichotokea kitabuni.

Ukifika katikati ya insha weka aya moja ya kujipinga. Tafuta ushahidi mgumu kuliko wote dhidi ya dai lako na uutaje mwenyewe. Kama unadai Macbeth alichagua kwa hiari, basi sema wazi kwamba wachawi walijua mambo ya mbele na yakatimia, afu uoneshe kwanini bado unaona alichagua (Banquo anakusaidia hapa). Insha inayokimbia ushahidi mgumu inajulikana tu, mwalimu anakuwa anausubiri na hauji.

Kwenye mtihani wa saa 1, dakika 10 za mwanzo zitumie kupanga hata kama wenzako washaanza kujaza kurasa: dai, maamuzi matatu utakayoyaongelea, na ushahidi wa kupinga. Acha dakika 5 mwishoni za kusoma.

Na kwenye hizo dakika 5, au jioni kabla ya kukusanya kama ni kazi ya nyumbani, pitia insha na upigie mstari kila sifa uliyompa mhusika, katili, mnafiki, jasiri, mpole, zote. Kwa kila moja angalia kama kwenye aya hiyo hiyo kuna uamuzi unaoibeba. Ambayo haina, rudi daftarini uitafutie, na ukikosa ifute.